Kinanda Kisichoishiwa Pumzi: Maisha na Kazi ya Shirley Scott

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa kwaya, wapiga vinanda wenzangu, wanafunzi wa muziki na wageni wote mliofika: wazee wangu shikamooni, na vijana habari za mchana.

Nilipoombwa nije kuzungumza juu ya mpiga kinanda mmoja ambaye sisi wa hapa tunapaswa kumfahamu, nadhani wengi wenu mlitegemea nimlete Johann Sebastian Bach, na kwa kweli isingekuwa vibaya. Lakini nimemleta mwanamke wa mjini Philadelphia, Marekani, aitwaye Shirley Scott, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1934 na kufariki tarehe 10 Machi 2002, zikiwa zimebaki siku nne tu atimize miaka 68. Kazi yake haikuwa ya kanisani. Alipiga kwenye klabu na mabaa, katikati ya moshi wa sigara na milio ya glasi, muziki ambao wenyewe huuita soul jazz, yaani ile jazi ambayo baada ya kutembea mbali na kujifunza mambo magumu ilirudi nyumbani kuchukua tena bluzi na mapambio ya kanisa iliyolelewa nayo.

Sababu ya kumchagua nitaisema mapema, ili mwenye kutaka kusinzia asinzie akiwa ameshaipata. Kinanda hakiishiwi pumzi. Mwimbaji huishiwa, mpiga tarumbeta huishiwa, na hata mpiga gitaa ambaye hahitaji pumzi, noti yake hufifia na kufa yenyewe hata asipoigusa tena. Kinanda cha umeme ni kiumbe kingine kabisa: ukiweka jiwe juu ya kitufe chake asubuhi ukaenda sokoni, utarudi na kukikuta bado kinalia, kwa nguvu ileile uliyokiachia. Kwa hiyo mtu anayeketi mbele ya ala hiyo ana kazi ambayo wapiga ala wengine hawana, nayo ni kupumua kwa niaba ya mashine. Katika wapiga kinanda wa jazi niliowasikiliza kwa miaka mingi, sijasikia aliyeijua kazi hiyo kumzidi Shirley Scott, na leo nataka niwaeleze aliijulia wapi.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa kuwa bila kuifahamu hatutamwelewa aliyeketi mbele yake. Kinanda cha Hammond kilibuniwa na Laurens Hammond, mhandisi ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza saa za umeme, na kwa mujibu wa waliomfahamu hakuwa mwanamuziki hata kidogo. Alipata hataza yake mwaka 1934, na mwaka uliofuata vinanda vikaanza kuuzwa. Ndani ya lile sanduku la mbao hakuna mabomba wala viriba vya upepo. Kuna mota moja inayozungusha magurudumu madogo ya chuma, 91 kwa idadi katika ile aina maarufu ya B-3, kila gurudumu likiwa na meno kwenye ukingo wake, na kila moja likizunguka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya. Meno yanapopita mbele ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme unatikisika ndani ya waya, na mtikisiko huo ukikuzwa ndio noti mnayoisikia. Yaani ni saa iliyofundishwa kuimba.

Na kwa kuwa ni saa, mwendo wake unafuata umeme wa gridi. Hapa naomba mniruhusu kutoka nje ya njia kidogo, kwa ajili ya mafundi walioko ukumbini. Umeme wa Marekani hutikisika mara 60 kwa sekunde, na wetu mara 50. Mtu akileta B-3 ya kule akaiunga hapa kwa transfoma tu, bila kubadilisha kingine chochote, mota itazunguka polepole na kinanda kizima kitashuka kwa karibu nusutoni tatu, hata wimbo mlioupangia sol utasikika katika mi. Masoprano watafurahi, lakini mabesi watahitaji ngazi ya kushukia kisimani.

Turudi. B-3 ilitengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1974. Ina ngazi mbili za vitufe, 61 kila moja, na chini ina vikanyagio 25 vya miguu kwa ajili ya besi. Mguu wa kulia hukaa zaidi kwenye kikanyagio cha kuongeza na kupunguza sauti, kwa sababu ukikibonyeza kitufe cha Hammond kwa hasira au kwa upole sauti ni ileile. Juu ya vitufe kuna vijiti vya kuvuta, tisa tisa, na mpigaji huchanganya rangi ya sauti kwa kuvuta hiki na kurudisha kile, kama mpishi anavyopima viungo. Pamoja na benchi na vikanyagio, mzigo wote unakaribia kilo 190, na hapo sijataja kabati la spika. Waliozoea kubeba kinanda cha plastiki kwapani kwenda kwenye sherehe wafikirie kukipandisha hicho ngazi za klabu ya ghorofani kila mwisho wa wiki.

Kuna kitu kimoja zaidi katika B-3 ambacho nataka mkishike vizuri, maana nitakirudia. Wahandisi waliongeza mlio mfupi mkavu unaosikika mwanzoni mwa noti na kufa mara moja, kama gongo dogo linalogusa kengele. Mlio huo una masharti: unatokea tu ikiwa vidole vyote vimenyanyuliwa kutoka kwenye vitufe kabla ya noti inayofuata. Ukiunganisha noti, kidole hiki kikishuka kabla kile hakijaondoka, noti ya kwanza italia na ule mlio, na zote zinazoifuata zitakuwa hazina. Mashine inamlipa anayeinua mkono, na anayeng'ang'ania hapewi kitu. Sijui kama wahandisi walikusudia kutoa somo la malezi, lakini ndivyo ilivyo.

Hammond aliviuza vinanda vyake zaidi kwa makanisa yasiyoweza kugharamia kinanda cha mabomba, na makanisa ya Wamarekani Weusi yalivipokea kwa mikono miwili. Kutoka kanisani hadi baa si mbali. Katika mitaa ya Weusi ya miji ya mashariki mwa Marekani, mwenye baa alikuwa na hesabu yake rahisi: mpiga kinanda mmoja anafanya kazi ya mpiga piano na ya mpiga besi, hivyo ukimwongezea mpiga ngoma na mtu wa saksafoni au gitaa, una bendi kamili inayojaza chumba kwa malipo ya watu watatu. Muziki huu tunaousifu leo, sehemu kubwa ya mwili wake ulitokana na hesabu hiyo ya mwenye baa.

Mji uliozaa wapiga kinanda hao kuliko mwingine wowote ni Philadelphia. Jimmy Smith, aliyekifanya Hammond kuwa ala ya jazi ya kisasa, alizaliwa Norristown, nje kidogo ya mji huo, na inasimuliwa kwamba alijifungia ghalani na kinanda chake kwa miezi mingi akijifundisha, kisha akatoka mwaka 1955 na kuwashangaza watu. Jimmy McGriff ni wa Philadelphia, Charles Earland ni wa Philadelphia, Trudy Pitts ni wa Philadelphia. Katikati ya hao ndipo alipokulia Shirley Scott.

Nyumbani kwao jazi haikuwa kitu cha kufuatwa mbali, kwa kuwa baba yake aliendesha klabu ya jazi katika chumba cha chini ya nyumba. Mtoto alijifunza piano, na shuleni akashika tarumbeta. Wanaosimulia maisha yake huipita tarumbeta hiyo haraka, kama jambo dogo la utotoni, kwa kuwa hakuna santuri aliyoipiga tarumbeta. Mimi naona ni kosa kuipita. Mtoto aliyepuliza tarumbeta anajua mwilini mwake kwamba sentensi ya muziki ina urefu wake, na kwamba mahali pa kuvuta pumzi ni sehemu ya wimbo kama noti zenyewe. Walimu wa kwaya mnalijua hili, ndiyo maana mnaweka alama ya pumzi kwenye karatasi za nyimbo, ijapokuwa mpiga kinanda wenu haitazami. Shirley Scott alipofika kwenye ala isiyohitaji pumzi, alifika akiwa ameshazoea kupumua.

Alifika huko kwa njia ya kawaida kabisa. Alikuwa kijana anayepiga piano katika klabu za mjini kwao, na mnamo mwaka 1955 mwenye klabu mmoja akahitaji mtu wa kupiga Hammond. Akakaa, akajaribu, na hakurudi tena kwenye piano kwa miaka mingi. Mwaka huohuo alikuwa katika kikundi kidogo cha Bill Carney kilichoitwa Hi-Tones, pamoja na mpiga ngoma Albert Heath na mpiga saksafoni mmoja ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa nje ya mji, John Coltrane. Hiyo ilikuwa kabla Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, hajamchukua Coltrane kwenye kikundi chake mwaka huo. Hebu fikirieni: msichana wa miaka 21, mgeni kwenye ala yake, kila usiku anatandika mkeka wa sauti chini ya mtu ambaye baadaye angekuja kuipindua jazi nzima. Hakuna santuri ya kikundi kile, na ni hasara.

Aliyemtoa Philadelphia ni Eddie Davis, mpiga saksafoni aliyejulikana kwa jina la utani la Lockjaw, mtu aliyewahi kupiga katika bendi kubwa ya Count Basie. Saksafoni ya Lockjaw ilikuwa na kishindo. Ilibweka, ilinguruma, ilikata maneno katikati. Nyuma ya sauti ya namna hiyo mpiga kinanda ana vishawishi viwili. Cha kwanza ni kushindana naye, kufungua vijiti vyote na kupiga kelele kuliko yeye. Cha pili ni kujaza kila ufa anaouacha, kwa hofu ya kimya. Sikilizeni walichorekodi pamoja mwaka 1958 katika mfululizo wa santuri zilizoitwa Cookbook, ambamo nyimbo nyingi zilipewa majina ya jikoni. Uliovuma kuliko zote ni In the Kitchen, bluzi ya mwendo wa polepole. Lockjaw anasema neno, ananyamaza. Shirley anamwitikia kwa kodi mbili, tatu (kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za serikali), kisha anaondoa mikono. Katikati ya mwito na kiitikio kuna hewa tupu. Umesikia mhubiri anayejua kunyamaza baada ya sentensi nzito, na waumini wanaojua kuitika bila kumkatiza? Ni hivyohivyo.

Santuri hizo zilitolewa na kampuni ya Prestige, ambayo mwaka huohuo wa 1958 ilianza kumrekodi kama kiongozi mwenyewe, kwa santuri iliyoitwa Great Scott!. Prestige ya Bob Weinstock ilijulikana kwa kubana matumizi: wanamuziki waliingia studio bila mazoezi ya kulipiwa, wakapatana palepale juu ya wimbo na ufunguo wake, na jioni kazi ilikuwa imekwisha. Studio yenyewe ilikuwa ya Rudy Van Gelder, huko New Jersey, ambaye alikuwa mtaalamu wa kupima macho mchana na fundi wa kurekodi katika saa zake nyingine, na ambaye hadi mwaka 1959 alirekodia sebuleni kwa wazazi wake. Katika mazingira hayo ya harakaharaka Shirley Scott aliiachia Prestige zaidi ya santuri 20 kwa jina lake mwenyewe, baadhi zikitolewa baada ya yeye kuhama. Zote haziko sawa. Zipo zilizotengenezwa kwa kujaza rafu za duka, na hata msikilizaji mwenye mapenzi naye, kama mimi, hawezi kuzisikiliza tatu mfululizo bila kutazama saa. Lakini ndani ya zile za kawaida kabisa utakuta dakika mbili za dhahabu.

Kuna jambo katika santuri hizo linalobishaniwa na wapiga kinanda mpaka leo. Katika nyingi kati yake Shirley alikuwa na mpiga besi, mara nyingi George Duvivier. Kwa wapiga Hammond wengi huo ni udhaifu, karibu aibu, kwa kuwa sifa ya kazi ni mtu mmoja kubeba besi kwa mkono wa kushoto na miguu huku mkono wa kulia ukiimba. Wakaanza kusema kwamba mwanamke huyu hawezi besi. Jibu lipo kwenye santuri ya mwaka 1961 iitwayo Dearly Beloved, ambayo ina watu watatu tu, saksafoni, kinanda na ngoma, na besi yote ni ya Shirley. Inatembea vizuri, bila kuyumba. Aliweza. Aliamua tu kwamba mkono wa kushoto una kazi nyingine anayoipenda zaidi, na kazi hiyo ilikuwa kuusindikiza mkono wa kulia katika kodi pana, mikono miwili ikipanda na kushuka pamoja kama kwaya ya sauti nne inayotamka silabi moja kwa wakati mmoja. Ukipiga hivyo lazima unyanyue mikono yote miwili kati ya kodi na kodi. Na mnakumbuka nilichowaambia juu ya ule mlio mkavu wa mwanzo wa noti: unamjia anayenyanyua. Ndiyo maana kodi zake zinasikika kama zimechongwa, kila moja na ukingo wake, wakati kwa wengine sauti huchuruzika na kuwa uji.

Santuri hiyo ya Dearly Beloved inanileta kwa Stanley Turrentine, mpiga saksafoni wa Pittsburgh, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1934. Walifunga ndoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuachana mwaka 1971, na kwa muongo mmoja walikuwa na bendi moja, nyumba moja, na kampuni mbili za kurekodi. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Shirley alikuwa na mkataba na Prestige, Stanley na Blue Note, na mikataba haikuruhusu mtu kuonekana hivihivi kwa jirani. Kwa hiyo santuri ya Shirley ya mwaka 1961 iitwayo Hip Soul inamtaja mpiga saksafoni aitwaye Stan Turner, na ile ya Stanley, Dearly Beloved, inamtaja mpiga kinanda aitwaye Little Miss Cott. Yeyote mwenye masikio alijua ni akina nani, lakini wanasheria walilala usingizi. Sisemi ni vizuri kudanganya, nasema tu kwamba mume na mke walikuwa wakikutana kwa siri kazini.

Kwa masikio yangu, miaka hiyo ndiyo kilele chake. Turrentine hakuwa Lockjaw. Sauti yake ilikuwa nene, tamu, yenye kukawia, na ilihitaji mtu wa kuiachia nafasi ya kukawia. Lockjaw alimfundisha Shirley kujibu, na kwa Turrentine akajifunza kungoja. Desemba 1964 kampuni ya Impulse, aliyokuwa ameshahamia, ilipeleka vifaa vya kurekodi kwenye klabu iitwayo Front Room mjini Newark, New Jersey. Shirley alikuwa na Turrentine kwenye saksafoni, Bob Cranshaw kwenye besi na Otis Finch kwenye ngoma. Ilipotoka santuri ikapewa jina Queen of the Organ, Malkia wa Kinanda.

Jina hilo lilimganda. Nikiri kwamba linanikera kidogo, ingawa lilitolewa kwa heshima. Umalkia ulimpa kiti cha pekee, na papo hapo ukamtoa kwenye mashindano: Jimmy Smith alikuwa mpiga kinanda, bila kuongezewa neno, na Shirley alikuwa malkia, yaani wa kwanza miongoni mwa wanawake, ambao waliohesabika wakati huo walikuwa wachache. Alikuwepo Trudy Pitts niliyekwisha kumtaja, na alikuwepo Rhoda Scott, ambaye hupiga vikanyagio bila viatu na ambaye ameishi Ufaransa kwa miaka mingi. Hawa Scott wawili si ndugu, nasema hivyo kwa kuwa kila nikitaja mmoja, mtu hunisimulia habari za mwingine. Wapimwe wote kwenye mizani moja na wanaume, ndipo tutajua uzito wao. Mimi nimempima Shirley kwenye mizani hiyo, na kwa upande wa kumsindikiza mpiga saksafoni simwoni wa kumweka juu yake.

Baada ya Impulse alirekodi na Atlantic, kisha na Cadet ya Chicago, na katika santuri hizo utasikia muziki wa soul wa redioni ukimvuta upande mmoja na jazi upande wa pili. Sina mengi ya kusema juu yake. Nzito ya kipindi hicho ni One for Me, aliyoirekodi mwaka 1974 kwa Strata-East, kampuni iliyoanzishwa na wanamuziki wenyewe, Charles Tolliver na Stanley Cowell. Waliokuwa naye ni pamoja na Harold Vick kwenye saksafoni na Billy Higgins kwenye ngoma. Jina la santuri linajieleza: baada ya miaka 16 ya kupiga walichotaka wenye kampuni, hii ilikuwa ya kwake. Haina haraka hata kidogo.

Lakini mwaka huohuo wa 1974 kiwanda kiliacha kutengeneza B-3, na hapo mlango wa zama ulikuwa unafungwa. Sababu zilikuwa nyingi na zilishikana. Mitaa ya Weusi iliyolea klabu hizo ilikuwa imeungua au imehamwa. Newark yenyewe ililipuka kwa ghasia Julai 1967, miaka miwili na nusu tu baada ya usiku ule wa Front Room, na watu 26 walikufa. Gitaa la besi la umeme lilikuwa limeshazoeleka, vinanda vyepesi vya transista na baadaye sintesaiza viliingia, na hakuna kijana aliyekubali kubeba kilo 190 wakati mwenzake anapanda teksi na ala yake. Mwenye baa naye akafanya hesabu yake upya, akaona kwamba mtu mmoja mwenye santuri na spika ni nafuu kuliko watu watatu. Hesabu ileile iliyouzaa muziki huu ndiyo iliyouua.

Wengi wa kizazi chake walitoweka kimya. Shirley Scott alirudi Philadelphia, akalea watoto, na akaingia darasani. Alifundisha historia ya jazi katika Chuo Kikuu cha Cheyney, chuo cha Weusi chenye umri mkubwa kilichoko nje kidogo ya Philadelphia. Natamani ningekaa katika darasa lile. Mtu aliyekuwa kwenye jukwaa moja na Coltrane kabla ulimwengu haujamjua Coltrane angefundisha nini juu yake ambacho vitabu havina? Mwaka 1992 alikuwa mwongozaji wa muziki katika kipindi kimoja cha televisheni cha maswali na vichekesho, kilichoendeshwa na Bill Cosby, na hakikudumu. Kilichodumu ni kurudi kwake kwenye piano. Mwaka 1991, pamoja na Arthur Harper kwenye besi na Mickey Roker kwenye ngoma, wote watu wa Philadelphia, alirekodi santuri za piano kwa kampuni ya Candid, na mojawapo ni Blues Everywhere. Wapenzi wa Hammond walilalamika kwamba amekiacha kinanda. Mimi nilipoisikiliza nilicheka peke yangu: anapiga piano kama alivyopiga kinanda, ule ufa kati ya kodi na kodi uko palepale, isipokuwa sasa noti zinakufa zenyewe na yeye amepumzika kazi ya kuziua.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa. Kama Wamarekani maelfu kwa maelfu katika miaka ya 1990, alitumia mchanganyiko wa dawa mbili za kupunguza uzito ambao baadaye uligundulika kuharibu vali za moyo na mishipa ya mapafu, na ambao moja ya dawa zake iliondolewa sokoni mwaka 1997. Alifungua kesi, na mwaka 2000 akashinda fidia ya dola milioni 8. Miaka miwili baadaye moyo ulishindwa, akafariki mjini kwake. Fedha zilifika, lakini mikono haikurudi kwenye kinanda kwa namna ya zamani.

Ndugu zangu, nimeongea vya kutosha kuliko mtu anayewasifia watu wanaonyamaza anavyopaswa kuongea. Naona pale nyuma vijana wawili wa kwaya wameshaanza kupiga mahesabu ya chai. Kabla hatujaifuata, namwomba kijana wa mitambo atuwekee ile ya Front Room, mjini Newark, Desemba 1964. Msimsikilize Turrentine, ingawa atawavuta. Msisikilize hata noti za Shirley mara hii ya kwanza. Sikilizeni pale anapoondoa mikono: mtasikia glasi mezani, mtasikia mtu mmoja katika ukumbi akisema jambo kwa sauti ya kuridhika, na mtasikia besi ya Cranshaw ikitembea peke yake kwa hatua chache. Kisha mikono inarudi.

Haya, kijana, weka.